SOMO: CHOO CHA MAJI KIKIGOMA



Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakachimba vyoo. Leo hapa Mpanda na vijijini wengi wetu tumepiga hatua. Tumejenga vyoo vya kumwaga maji, vyenye sinki na bomba linalokwenda kwenye shimo la nje.

Lakini choo hicho nacho hugoma. Kikigoma, watoto hurudi kwenye mihogo. Mvua za Novemba zikianza, uchafu wao huchukuliwa hadi visimani na mtoni. Hapo ndipo kuhara na kipindupindu huingia nyumbani. Basi tujifunze kukitengeneza.

Kwanza tujue kinavyofanya kazi

Chini ya sinki kuna bomba lililopinda. Katika pindo hilo maji kidogo hubaki siku zote. Maji hayo huzuia harufu na nzi. Ukimwaga maji kwa nguvu, yanasukuma uchafu kupita pindo, uende shimoni.

Tutafute ugonjwa

Tuwe watu wawili. Mmoja afunue mfuniko wa shimo na kuangalia akiwa amesimama pembeni. Asiwashe kiberiti, maana hewa ya shimoni huweza kuwaka. Wala mtu asiingie shimoni, kwani hewa hiyo huua. Mwingine amwage lita 3 za maji kwenye sinki. Kama sinki limejaa tayari, asiongeze maji.

1. Shimo halijajaa, lakini maji hayafiki. Bomba limeziba. Mara nyingi ni magunzi, vitambaa au makaratasi magumu. Vaa mifuko ya plastiki mikononi. Funga kitambaa kigumu kwenye ncha ya mti, kaza vizuri kisivuke. Kibane kwenye tundu la sinki, sukuma na kuvuta mara nyingi. Kama haikusaidia, ingiza waya unaopindika. Usimwage tindikali ya betri. Itakuunguza.

2. Maji yanafika, lakini uchafu unabaki. Labda unamwaga polepole. Mwaga lita 2 au 3 kwa mkupuo mmoja. Kama bado, bomba halina mteremko wa kutosha. Kila mita 1 ya bomba ishuke sentimita 3 hivi. Waashi hupima kwa mpira mweupe uliojaa maji. Maji ya ncha mbili hukaa usawa mmoja daima, kwa hiyo mpira huo utakuonyesha bomba limeshuka kiasi gani.

3. Maji ya shimoni yamefunika mdomo wa bomba. Shimo limejaa. Hapo waya hautasaidia. Kama hujaa wakati wa mvua tu, chimba mfereji wa kuzuia maji ya juu yasiingie. Kama limejaa hata kiangazi, chimba shimo la pili, uhamishie bomba huko. La kwanza lifunike vizuri, lipumzike miaka 2 kabla ya kuzolewa. Shimo jipya liwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na liwe upande wa chini wa kisima.

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni, osha na vyombo ulivyotumia.

Kinga ni rahisi kuliko ufundi. Weka kikapu chenye mfuniko karibu na choo kwa ajili ya vitambaa na karatasi. Weka na ndoo ya maji yenye kopo. Waeleze watoto, na wageni pia, bila kuona haya.

Maswali ya kikundi

1. Bomba lina urefu wa mita 4. Lishuke sentimita ngapi? (Jibu: 3 × 4 = 12.)
2. Kwa nini mtu asiingie shimoni?
3. Je, katika kitongoji chetu, ni nyumba ngapi zina choo kilichogoma? Nani tutaanza kumsaidia wiki hii?