Kabla Hujawatumia Wenzako: Adabu za Kusoma na Kujadili Makala Ndefu



Ndugu wanafunzi, pamoja na wazazi na walezi wetu wapenzi, somo hili linahusu jambo linalofanyika kila siku katika simu zetu. Mtu husoma makala ndefu ya gazeti au jarida ikampendeza, akawatumia rafiki zake katika kundi, kisha mazungumzo yakaanza. Hili ni jambo zuri, kwani elimu haipungui kwa kugawiwa. Lakini mara nyingi anayetuma amesoma kichwa cha habari na mistari mitatu ya mwanzo tu. Wanaopokea nao hawaendi mbali zaidi ya hapo. Matokeo yake watu ishirini hugombana usiku kucha juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekisoma.

Tutaangalia mifano miwili ya kweli, mmoja wa makala iliyostahiki kusambazwa na mwingine wa makala iliyowadanganya wengi. Kisha tutaona kwamba anayewatumia wenzake makala amekuwa mpokezi wa habari, na kila mpokezi ana dhamana.

MAKALA NDEFU NI IPI?

Habari ya kawaida hutueleza nani, nini, lini na wapi, ikaishia hapo. Makala ndefu huandikwa kwa wiki nyingi au miezi. Mwandishi huenda mahali penyewe, huzungumza na watu na kuwarudia tena, husoma nyaraka, kisha husimulia jambo tangu mwanzo hadi mwisho. Faida yake kubwa ni kwamba badala ya hesabu ya watu, msomaji huwaona watu wenyewe.

MFANO WA KWANZA: HIROSHIMA

Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, ndege ya Marekani iliangusha bomu la atomiki juu ya mji wa Hiroshima, Japani. Inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka huo watu karibu 140,000 walikuwa wamekufa kwa sababu yake. Wamarekani wengi walizisikia habari za bomu kama habari za nguvu na ushindi. Waliokuwa chini ya bomu hawakujulikana.

Mwaka 1946 mwandishi John Hersey alikwenda Japani. Hakuandika juu ya wanasayansi wala majenerali. Aliwachagua watu sita walionusurika: karani wa kike wa kiwandani, mjane wa fundi cherehani mwenye watoto watatu, madaktari wawili, mchungaji wa Kijapani na padri wa Kijerumani. Akaeleza kila mmoja alikuwa wapi bomu lilipolipuka na nini kilimpata baadaye. Karani aliangukiwa na makabati ya vitabu, mguu ukaumia vibaya. Daktari mmoja alipoteza miwani yake, akavaa ya muuguzi aliyejeruhiwa, akaendelea kutibu. Hospitali yake ilikuwa na vitanda 600, na majeruhi waliofika walikuwa kama 10,000.

Makala hiyo ilikuwa na maneno karibu 30,000. Jarida la The New Yorker lilikusudia kuitoa katika sehemu nne, lakini wahariri wakaamua kuitoa yote katika toleo moja la tarehe 31 Agosti 1946, bila makala nyingine yoyote ndani yake. Toleo likamalizika madukani upesi. Mwezi Septemba redio ya ABC ya Marekani iliisoma makala nzima kwa usiku nne mfululizo, na BBC ya Uingereza nayo ikaisoma mwaka huohuo. Kabla mwaka haujaisha ikawa kitabu.

Ndugu mwanafunzi, zingatia jinsi ilivyowafikia watu. Haikufupishwa ikawa mistari mitano. Ilisomwa yote, na waliokosa jarida wakasomewa. Mwaka 1985 Hersey alirudi kuandika maisha ya wale sita baada ya miaka arubaini. Hakuwaacha watu wake pale alipopata umaarufu.

MFANO WA PILI: MTOTO ASIYEKUWEPO

Tarehe 28 Septemba 1980 gazeti la Washington Post la Marekani lilitoa katika ukurasa wa mbele makala ya mwandishi Janet Cooke. Ilimhusu mtoto wa miaka 8 aliyepewa jina la Jimmy, ambaye ilisemwa anadungwa sindano za heroini nyumbani kwao. Wasomaji walitokwa na machozi. Askari polisi wa mji wa Washington wakamtafuta mtoto huyo ili waokoe maisha yake, wasimpate. Gazeti lilikataa kuwaonesha alipo, kwa hoja kwamba mwandishi ametishiwa maisha na wauzaji wa madawa ya kulevya.

Hata ndani ya gazeti wapo walioingiwa na shaka. Mwandishi mwenzake alizunguka naye kwa gari katika mtaa aliousema, naye hakuweza kuionesha nyumba. Hata hivyo mwezi Aprili 1981 makala hiyo ilipewa tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa kabisa ya magazeti Marekani. Ndipo habari za maisha ya mwandishi zilipochapishwa, na wahariri wa gazeti alilowahi kulifanyia kazi zamani wakaona hazilingani na wanavyomjua. Shahada aliyodai kuwa nayo hakuwa nayo. Alipobanwa kwa maswali alikiri kwamba Jimmy hakuwepo. Tuzo ikarudishwa, akajiuzulu. Siku chache baadaye gazeti lenyewe lilitoa maelezo marefu juu ya namna lilivyokosea.

Kwa nini uongo ule uliaminiwa? Kwa sababu tatizo lilikuwa la kweli. Heroini ilikuwa ikiwaangamiza watu kwelikweli katika mji ule. Sisi wa Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam tunayajua madhara yake katika mitaa yetu, na kisa kama kile tungeletewa leo wengi wetu tungekituma mbele bila swali. Uongo hupata nguvu unapopanda juu ya mgongo wa jambo la kweli. Na hasara yake ni kwamba siku akipatikana mtoto wa kweli mwenye shida ile, watu watasema, "Ah, ni yale yale."

SANADI NA MATINI

Wanafunzi wa madrasa hamkuanza leo kulijua jambo hili. Katika somo la Hadithi mmefundishwa kwamba kila Hadithi ina sehemu mbili: sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi, na matini, yaani maneno yenyewe. Wanavyuoni hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza nani kapokea kwa nani, je walikutana, ni mkweli, kumbukumbu yake ikoje.

Makala ya gazeti si Hadithi wala haipewi cheo hicho, lakini maswali yale yanatufaa. Makala ya Hersey ilikuwa na watu wenye majina na mji unaojulikana, na mtu angeweza kwenda kuwauliza. Ya Cooke ilikuwa na matini ya kuliza bila sanadi. Urefu wa makala si ushahidi, wala machozi ya msomaji si ushahidi.

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, kuichunguza habari anayotuletea mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Na Imamu Muslim amepokea katika utangulizi wa Sahihi yake onyo la Mtume (S.A.W.) kwamba kusimulia kila tunachokisikia kunatosha kututia katika uongo.

Majuto hayo yameonekana katika zama zetu. Mwaka 2018 huko India watu wasio na hatia waliuawa na makundi yenye hasira, baada ya uvumi wa wizi wa watoto kuenezwa kwa WhatsApp. Kampuni ikapunguza idadi ya mazungumzo ambayo ujumbe unaweza kutumwa mbele kwa mara moja, hadi 5 tu duniani kote mwaka 2019. Mwaka 2020 Twitter, ambayo leo inaitwa X, ilianza kuwauliza watumiaji kama wangependa kuifungua makala kabla ya kuisambaza. Ikiwa mashine inatukumbusha kusoma, basi adabu yetu inahitaji kutazamwa.

ADABU SITA ZA MWENYE KUTUMA NA MWENYE KUJADILI

1. Soma hadi mwisho. Kama hujamaliza, hifadhi, usitume.

2. Tazama jina la mwandishi, gazeti au jarida, na tarehe. Makala ya miaka kumi iliyopita ikitumwa kama ya leo imeshakuwa uongo, hata kama kila neno lake ni kweli.

3. Uliza amejuaje. Je, alikuwepo? Alizungumza na nani? Je, upande unaolaumiwa umepewa nafasi ya kujibu?

4. Tuma pamoja na maneno yako mwenyewe, sentensi mbili tatu: inahusu nini, nini kimekugusa, na wapi una shaka. Usiwatupie wenzako kiungo kitupu kama mtu anayerusha jiwe gizani.

5. Katika mjadala, jibu hoja, usimshambulie mtu. Ambaye hajasoma na aseme hajasoma, si aibu. Panganeni siku, kila mtu asome kwanza, ndipo mzungumze.

6. Ikidhihirika kuwa makala si ya kweli, rudi katika kundi lilelile uliloituma useme wazi. Kuifuta kimyakimya hakutoshi, maana waliokwisha kuisoma wameondoka nayo.

ZOEZI LA NYUMBANI

Chagueni makala moja ndefu, wanafunzi wanne au watano, pamoja na mzazi mmoja. Baada ya kuisoma yote, jibuni:

(a) Watajeni watu waliozungumza na mwandishi. Ni wangapi wenye majina?
(b) Ni sehemu gani mwandishi ameona mwenyewe, na ipi amesimuliwa?
(c) Nani hakuulizwa ambaye mngependa kumsikia?
(d) Kama Jimmy asingetajwa kuwa mtoto, je, wahariri wangeuliza maswali zaidi? Toeni sababu.
(e) Je, mngekuwa tayari kuisimulia makala hii mbele ya mtu anayetajwa ndani yake?

Swali la mwisho ndilo zito. Anayetajwa katika makala ana jina, ana jamaa na ana heshima yake, na kidole chako kikibonyeza neno "tuma" kimemgusa yeye.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kweli na vidole vya kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.