Wakili Aitwe Mapema, Siyo Siku ya Hukumu

Barabara ya Morogoro, Dodoma hadi Singida inapita vijiji vingi vyenye kibao cha 50, na trafiki wenye tochi za kupimia mwendo hawakosekani. Ukikamatwa kwa mwendo, faini iliyozoeleka ni shilingi 30,000 kwa kosa. Unaandikiwa, unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au benki. Fedha haipiti mkononi mwa askari. Ukichelewa kulipa, deni linaongezeka. Unayeamini hukukosea una haki ya kukataa na kupelekwa mahakamani, lakini kuweka wakili kwa faini ya aina hiyo ni hasara tupu. Gharama yake itapita faini mara kadhaa.

Mtu akiumia au akifa, hesabu inabadilika kabisa. Kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na unaweza kufungwa na kupoteza leseni. Hapo watu wengi hukosea mpangilio: wanasubiri kesi ifike mahakamani ndipo wachangishane fedha za wakili. Kufikia siku hiyo, kesi mara nyingi imeshajengwa kituoni.

Inajengwa kwa karatasi tatu au nne. Kuna ramani ya ajali anayochora askari, ripoti ya mkaguzi wa magari, fomu ya polisi PF3 ya majeruhi, na maelezo ya onyo yanayoandikwa kutoka mdomoni mwako mwenyewe. Hayo ya mwisho ndiyo yenye hatari. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inakuruhusu kunyamaza, na pia kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati wa kuhojiwa. Omba hilo kwa upole, tena kabla kalamu haijagusa karatasi. Usitie sahihi ukurasa ambao hujausoma au kusomewa. Sentensi kama "sikumwona mwendesha bodaboda" inaweza kuwa na maana moja kwako na nyingine kwa mwendesha mashtaka. Mwenzako aliyebaki eneo la ajali apige picha za alama za matairi na vibao vya barabarani mapema, kabla magari mengine hayajafuta alama hizo.

Dhamana ya polisi haiuzwi. Inahitaji wadhamini wenye kitambulisho na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, basi. Mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha ni miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana, na kwa hayo wakili atafutwe siku hiyohiyo.

Jihadhari pia na ushauri wa kirafiki wa "kiri tu, upigwe faini, uende nyumbani". Aliyekiri kwa hiari yake kwa kawaida hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, anabaki kulalamikia adhabu. Na hukumu hiyo inaweza kurudi kama ushahidi familia ya marehemu ikidai fidia.

Sasa, wakili yupi? Karibu na mahakama nyingi yupo bwana mwenye tai na faili la kaki anayekuuliza kesi yako iko kwa hakimu gani. Huenda ni wakili, huenda ni kishoka, yaani wakili bandia. Usibishane naye. Muulize namba yake ya uwakili, kisha tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, ambao unaonyesha kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Anayeahidi "kuongea na hakimu" mwache hapohapo, hata kama leseni anayo.

Mkikubaliana, andikeni: ada ni kiasi gani, inahusu hatua ipi, na nauli ya kwenda Kondoa au Mpwapwa kila kesi inapotajwa analipa nani. Kesi zinaahirishwa sana, na nauli hiyo ndiyo chanzo cha ugomvi. Dai risiti.

Kwa kesi ndogo za kijijini, kama matusi, shambulio au ng'ombe walioingia kwenye mtama wa jirani, shauri huwa Mahakama ya Mwanzo. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa humo. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021, wanaweza kusimama pale panapokaa hakimu mkazi. Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama hiyo, na mshtakiwa mwenye mashahidi wake wawili wazuri mara nyingi anajiweza.

Asiye na uwezo asikae kimya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa hakimu mamlaka ya kuelekeza mshtakiwa apatiwe msaada, haki ikihitaji hivyo, kwa hiyo mwambie hakimu wazi kwamba huna fedha. Wasaidizi wa kisheria walioko wilayani watakuelekeza na kukuandalia nyaraka bila malipo, ila hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani. Wakili akila ada yako na kutoonekana, malalamiko yanapelekwa Kamati ya Mawakili au Chama cha Mawakili Tanganyika, yakiambatana na yale makubaliano ya maandishi na risiti.