Kumsaidia Mwanafunzi Bila Kumsemea

Ulemavu wa ukuaji ni jina la jumla la hali zinazoanza utotoni na kuathiri jinsi mtu anavyojifunza, anavyotumia viungo vyake au anavyozungumza. Miongoni mwake ni usonji, mtindio wa ubongo na hali ya Down. Mwanafunzi mwenye hali hizo aghalabu huelewa mengi kuliko awezayo kuyatamka. Kwa hiyo msaidizi anayekaa naye darasani ana wajibu mmoja mkubwa: kumfungulia njia ya kusema, bila kumsemea.

Kungoja

Mtaalamu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza mazungumzo ya walimu na wanafunzi katika masomo ya sayansi. Katika miaka ya 1970 alionyesha kwamba walimu wengi, baada ya kuuliza swali, hungoja kiasi cha sekunde 1 tu. Walipongoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi wengi zaidi walijibu.

Hayo yalikuwa madarasa ya kawaida. Mwenye ulemavu wa ukuaji huhitaji muda zaidi, kwani kujibu ni kazi ya hatua nyingi: sauti husikika, maana hutafutwa, jibu hupangwa, kisha misuli ya ulimi na midomo huamrishwa. Katika mtindio wa ubongo, hata jibu likiwa tayari, misuli haitii upesi. Msaidizi akilirudia swali kwa maneno mengine kabla ya wakati, humlazimisha mwanafunzi kuanza upya. Yafaa aulize mara moja, kwa sentensi fupi, kisha ahesabu kimoyomoyo hadi 10 huku akimtazama kwa utulivu.

Picha

Asiyeweza kutamka aweza kuonyesha. Kipande cha kadibodi chenye picha za maji, choo, kitabu na chakula hutosha kuanzia. Zisikosekane alama za “sitaki”, “sijaelewa” na “nisaidie”, maana asiye na njia ya kukataa hajapewa uhuru wa kusema. Msaidizi naye aziguse picha hizo anapozungumza, ili mwanafunzi ajifunze kwa kuona. Baadhi ya wazazi huhofia kwamba picha zitaua usemi. Tafiti zilizokusanywa na kuchapishwa mwaka 2006 hazikuonyesha madhara hayo. Wengi wa waliochunguzwa waliongeza maneno.

Tabia pia ni ujumbe

Mwaka 1985, Edward Carr na Mark Durand walichapisha uchunguzi juu ya watoto wenye ulemavu wa ukuaji waliokuwa wakifanya fujo darasani. Baadhi walifanya hivyo kazi ilipokuwa ngumu, wengine walipokosa kuangaliwa. Walipofundishwa kuomba msaada au sifa kwa maneno, fujo zilipungua sana. Basi, kabla ya kukemea, msaidizi ajiulize: mtoto huyu anasema nini?

Onyo

Katika miaka ya 1970 ilizuka huko Australia njia ya kumshika mwanafunzi mkono ili achape herufi, na mapema katika miaka ya 1990 ikaenea Marekani. Watoto waliodhaniwa hawana lugha walionekana kuandika insha. Ndipo wanasayansi walipofanya jaribio rahisi: mwanafunzi alionyeshwa picha moja na msaidizi picha nyingine, bila kila mmoja kujua ya mwenzake. Neno lililoandikwa likawa la picha aliyoiona msaidizi. Wasaidizi hawakukusudia kudanganya; mikono yao iliongoza pasipo wao kujua. Lakini madhara yalikuwa makubwa, kwani baadhi ya wazazi walishtakiwa kwa maneno ambayo watoto wao hawakuyasema. Mwaka 1994 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitamka kwamba njia hiyo haina uthibitisho wa kisayansi.

Funzo ni wazi. Msaidizi ashike ubao wa picha, asishike mkono unaochagua. Jibu fupi la mwanafunzi mwenyewe, hata likiwa “sitaki” tu, lina thamani kuliko insha ya mtu mwingine.

Zoezi

1. Kwa kutumia saa, pima sekunde ambazo mwalimu hungoja baada ya kila moja ya maswali 10. Tafuta wastani.
2. Chagua picha 8 za kuweka kwenye ubao wa mwanafunzi asiyesema. Eleza sababu ya kila moja.
3. Kwa nini ilikuwa lazima, katika jaribio lililoelezwa, picha mbili ziwe tofauti?