KIJANA NA MASOMO: Mwachie Kalamu



Mpendwa kijana mwenzangu, leo nataka tuongee kuhusu kazi za nyumbani za wadogo zetu wa sekondari. Wengi wetu tumeshamaliza kidato cha nne au cha sita. Wengine tuko vyuoni, wengine tunahangaika na shughuli zetu. Lakini karibu kila mmoja ana mdogo wake, au mtoto wa jirani, anayekuja jioni na daftari mkononi: "Kaka, nisaidie hili swali." Sasa unamsaidiaje? Mimi nilidhani najua. Kumbe nilikuwa namharibu. Naomba nikusimulie kwanza, halafu tujifunze pamoja.

Kosa langu

Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Akifika nyumbani anachota maji, anapika, anaosha vyombo. Daftari analifungua saa tatu usiku, macho yameshakuwa mazito. Mimi nilikuwa nyumbani nasubiri kwenda chuo, na hisabati nilikuwa naiweza. Basi akileta swali, nachukua kalamu, nafanya chapchap, namwambia, "Umeona? Rahisi tu. Haya, nakili." Ananakili. Baada ya dakika kumi maswali yote yamekwisha, anaenda kulala.

Daftari lake likajaa tiki. Tano kwa tano, tano kwa tano. Mama akawa anawaambia wanajumuiya, "Huyu kijana wangu ndiye anamfundisha mdogo wake." Na mimi, sitawaficha, nilipenda kusikia hivyo.

Halafu ikaja mitihani ya moko. Hisabati akapata 11. Kumi na moja kwa mia, jamani! Nilipandwa na hasira. Nikamwambia, "Hivi maswali haya si tulifanya wote juzi tu?" Akaniangalia, akajibu taratibu: "Kaka, ulifanya wewe. Mimi nilikuwa naandika."

Sikuwa na la kusema.

Jumamosi ile nilikuwa najiandaa kwa kitubio, na wakati wa kuchunguza dhamiri jambo hilo likanirudia. Sikuwahi kulihesabu kama kosa, maana niliita msaada. Lakini tazama: mwalimu wake akiona tano kwa tano anaamini mtoto ameelewa, anahamia mada nyingine. Kwa hiyo nilimdanganya mwalimu. Nilimdanganya mama. Na mdogo wangu nilimnyima kitu ambacho kila mwanafunzi anakihitaji, yaani nafasi ya kugundua mapema kwamba hapa sijaelewa. Yote hayo kwa sababu nilitaka kumaliza haraka na kusifiwa.

Mama alivyonifundisha kufundisha

Mama yetu aliishia darasa la saba. Kiingereza cha sekondari hakijui. Siku chache baada ya matokeo yale alikuwa anachambua mchele, mdogo wangu yuko pembeni anakariri baiolojia kwa sauti, Kiingereza kinamtoka kama kasuku. Mama akamwambia, "Hebu niambie na mimi. Unasoma nini hapo?"

Akajibu kwamba anasoma jinsi mimea inavyotengeneza chakula chake. Mama akacheka: "Mmea unapika?" Ikabidi aeleze kwa Kiswahili. Unachukua maji kwenye mizizi, unachukua hewa ya kabonidayoksaidi kupitia majani, halafu mwanga wa jua ndiyo nguvu ya kupikia. Mama akaendelea na mchele wake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo usiku hakuna jua, mmea haupiki?"

Kimya. Mdogo wangu alikuwa amekariri ukurasa mzima lakini swali hilo hakuwahi kujiuliza. Akafunua kitabu, akatafuta, akarudi na jibu: kweli, bila mwanga haupiki, unatumia kile ulichokwisha kutengeneza mchana. Mpaka leo mada ile hajaisahau.

Nikajiuliza: mimi mwenye divisheni nzuri nimemsaidia miezi na miezi, akapata 11. Mama wa darasa la saba ameuliza maswali mawili, na mtoto ameelewa. Tofauti ni nini? Tofauti ni kwamba mama hakuwa na jibu la kumpa. Kwa hiyo kazi ya kufikiri ilibaki mahali pake, kwa mwanafunzi.

Hapo nikakumbuka Injili ya Luka, sura ya 2, pale Yesu akiwa na miaka 12 anapobaki hekaluni. Siku zote nilikuwa naangalia jinsi watu walivyoshangazwa na majibu yake. Lakini Luka anasema pia kwamba alikuwa ameketi katikati ya walimu, anawasikiliza na kuwauliza maswali. Ameketi, anasikiliza, anauliza. Kama Bwana mwenyewe alikaa hivyo, sisi ni nani tukimbilie kutoa majibu?

Na kuna Mtakatifu Yohane Bosco, rafiki wa vijana, aliyezaliwa Italia mwaka 1815. Yeye mwenyewe alisoma kwa tabu. Baba yake alifariki akiwa bado mdogo sana, na ilibidi afanye kazi za mikono ili aweze kuendelea na shule. Alipokuwa padre kule Torino alikusanya vijana maskini, akawafundisha, na njia yake ya malezi aliijenga juu ya mambo matatu: akili, dini na upendo. Alitaka mlezi awe katikati ya vijana, sio mbali nao. Mama yake, Mama Margherita, hakujua kusoma wala kuandika, lakini mwaka 1846 alihamia kwa mwanae akaishi naye miaka 10 akiwalea vijana wale mpaka alipofariki. Kwa hiyo mzazi usiseme, "Mimi sikusoma, nitamsaidia nini?" Unaweza.

Tufanyeje basi?

Haya ndiyo niliyojaribu nyumbani kwetu baada ya moko. Hakuna linalohitaji hela.

*1. Mpe muda kwanza.* Kabla sijamlaumu kwamba hasomi, niliangalia jioni yake. Mtoto anaanza kusoma saa tatu usiku amechoka hoi, halafu tunashangaa anasinzia? Tukakubaliana na mama kwamba vyombo vya jioni naosha mimi. Siku za kwanza majirani walinicheka. Lakini ile saa moja aliyoipata ilikuwa msaada mkubwa kuliko maswali yote niliyomfanyia. Vijana wa kiume, hapa tusikwepe. Dada zetu wengi hawakosi akili, wanakosa muda. Unaweza kusali rozari nzima ukimwombea afaulu, halafu ukamwachia sufuria zako. Hiyo sala imekamilika kweli?

*2. Mwachie kalamu.* Hii ndiyo kanuni kubwa. Kalamu ikae mkononi mwake muda wote. Nikiona mkono wangu unaifuata, naukalia. Kazi yangu ni kuuliza: swali linataka nini? Umepewa nini? Umekwama wapi? Kwa mfano alileta hili: x² − 5x + 6 = 0. Zamani ningemaliza kwa nusu dakika. Safari hii nikamuuliza, "Namba gani mbili ukizizidisha unapata 6?" Akasema, "Mbili na tatu." "Ukizijumlisha?" "Tano." "Kwenye swali kuna tano?" Akatazama. "Hapana, kuna hasi tano." Nikanyamaza. Kunyamaza ni kugumu, jamani! Baadaye akaruka: "Hasi mbili na hasi tatu! Maana hasi mara hasi ni chanya!" Akaandika mwenyewe (x − 2)(x − 3) = 0, akapata x ni 2 au 3. Swali moja lilichukua dakika 15. Lakini lile la pili alifanya peke yake, mimi niko jikoni.

*3. Afunge daftari.* Wanafunzi wengi wanasoma kwa kupitisha macho tu. Wakiona maandishi wanayafahamu, wanadhani wameelewa. Mwambie asome ukurasa mmoja, afunge, aandike anachokumbuka, kisha afungue ajisahihishe. Na arudie kesho, arudie baada ya siku tatu, arudie baada ya wiki. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha mwaka 1885 utafiti aliojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea haraka sana mwanzoni tusipokirudia, na kwamba kurudia kwa siku tofauti kunasaidia kuliko kubeba mzigo wote siku moja. Kwa hiyo msuli wa usiku wa kuamkia mtihani si ushujaa. Haba na haba hujaza kibaba.

*4. Msaidie kuvuka mto wa lugha.* Kwetu Tanzania watoto wengi wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Wengi wanaoitwa wazito kumbe wamekwama kwenye neno tu. Mdogo wangu alianza kidaftari kidogo: neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi moja aliyoitunga yeye. Maneno matano kwa siku. Kwanza anaeleza mada kwa Kiswahili, kama alivyomweleza mama, halafu anaiandika kwa Kiingereza. Maana ikishaingia, Kiingereza kinapata pa kukaa.

*5. Ajipime kwa mitihani iliyopita.* Wale mnaoita pasti pepa. Ila asifanye akiwa na majibu pembeni. Aweke saa, afanye kimya, ndipo asahihishe. Alipokosea aandike kwa nini alikosea: sikuelewa swali, nilisahau kanuni, au nilikosea hesabu. Makosa yale ndiyo ratiba yake ya wiki inayofuata.

*6. Jiondoe polepole.* Wiki za kwanza nilikaa naye kila siku. Baadaye siku tatu kwa wiki. Mwishoni namuuliza tu, "Leo ulikwama wapi, na ulijikwamuaje?" Ukiona anakuhitaji zaidi kila siku, ujue kuna mahali unamfanyia. Lengo ni siku ambayo atakaa mezani mwenyewe na hatakuita.

Ikawaje?

Najua mnasubiri niseme alipata A. Hapana. Kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha pili hisabati alipata D. Mtu mwingine angeiona D akanuna. Lakini kutoka 11 mpaka D, ambayo inaanzia alama 30, ndani ya miezi michache, na kila alama ni ya kwake, mimi nilitoa machozi. Baiolojia alipata B. Alipoleta matokeo hakusema "tumefaulu." Alisema, "Kaka, nimefaulu." Nilifurahia neno hilo kuliko sifa zote za jumuiya.

Nimewaza pia kwamba Mungu anatulea hivyo hivyo. Mara ngapi tumeomba atufanyie kila kitu, naye akakaa nasi tu, akituuliza na kutusubiri? Hatuachi peke yetu, lakini kalamu anatuachia.

Zoezi la wiki hii

Chagua mwanafunzi mmoja wa sekondari nyumbani kwenu au kwenye jumuiya yenu. Mwulize jioni yake inakwendaje, na umwondolee kazi moja. Kisha kaa naye dakika 30 bila kushika kalamu. Kama wewe ndiye mwanafunzi, na umekuwa ukinakili kazi za wenzako, wiki hii fanya swali moja mwenyewe hata kama utakosa. Kosa lako mwenyewe linakufundisha kuliko tiki ya kudesa.

Tusali

Ee Bwana Yesu, ulikaa kati ya walimu ukasikiliza na kuuliza. Wape wadogo zetu bidii na ukweli katika masomo yao. Utupe sisi uvumilivu wa kukaa nao, na unyenyekevu wa kurudi nyuma wanapoanza kuweza. Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee. Amina.