SOMO LA UFUNDI: MAJOKO MAWILI YA UMEME, MCHOMO WA AINA MOJA

Wafinyanzi wa vikundi vya ushirika, walimu wa kazi za mikono na watumishi wanaosimamia karakana wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini, kwa kuwa linahusu hasara ambayo aghalabu hutafutiwa sababu pasipo mahali pake.

Ichukuliwe karakana yenye majoko mawili ya umeme, moja kongwe na jingine jipya, iliyopokea kazi ya vikombe mia mbili. Udongo ni mmoja, fundi ni mmoja, na rangi ya kioo, yaani ile inayoyeyuka jokoni na kukivika chombo ngozi ing'aayo, ni ya pipa moja. Majoko yote mawili yanapangiwa nyuzijoto zile zile. Hata hivyo vikombe vya joko moja hutoka vikimeremeta, na vya jingine hutoka vimefifia, vingine vikivujisha chai mezani. Mnunuzi huvikataa, na lawama humwangukia aliyekoroga rangi, naye hana kosa.

Ni vyema ieleweke kwamba kipimajoto cha jokoni hueleza joto la pale ilipo ncha yake tu, na ncha hiyo huchakaa kadiri inavyotumika. Aidha, udongo hauivi kwa ukali wa moto pekee, bali kwa moto pamoja na muda, kama ambavyo kila mpishi wa wali ajuavyo. Kwa sababu hiyo mafundi hutumia koni: vipande vyembamba vya udongo maalumu, vyenye umbo la piramidi, ambavyo hulainika na kuinama vinapopata moto wa kutosha. Koni za namna hii zilitengenezwa na Hermann Seger huko Ujerumani mwaka 1886, na Edward Orton akaanza kuzitengeneza Marekani mwaka 1896. Koni ya Orton namba 6 huinama kwenye nyuzijoto 1222 hivi za Selsiasi iwapo joto hupanda nyuzi 60 kwa saa, lakini hungoja hadi karibu 1243 iwapo hupanda nyuzi 150 kwa saa. Kwa hiyo majoko mawili yanayopanda kwa kasi tofauti yaweza kusoma nambari moja ilhali kazi ya moto ndani yake si moja.

Kwa udongo mwekundu unaochomwa kwa koni namba 04, zipangwe koni tatu, 05, 04 na 03, kwenye rafu ya juu, ya kati na ya chini, katika majoko yote mawili, mbali kidogo na nyaya za moto. Joko lijazwe vyombo kama siku ya kazi, kwani joko tupu hudanganya. Likipoa, koni zisomwe: 05 iwe imelala, 04 imeinama hadi ncha yake kugusa chini, na 03 bado imesimama. Pale ambapo 04 haikuinama, joko hilo liongezewe dakika 10 za kukaa kwenye joto la mwisho, kisha lijaribiwe tena. Libadilishwe jambo moja tu kwa kila mchomo, na yote yaandikwe daftarini, kila joko na daftari lake. Baada ya michomo mitatu au minne, majoko hayo yatakuwa na nyuzi na dakika tofauti, lakini koni zitalala namna moja. Hilo ndilo linalotakiwa.

Umeme nao una sehemu yake. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 207, yaani sehemu moja ya kumi, nguvu ya joko hupungua karibu sehemu moja ya tano. Hivyo haifai kuwasha majoko mawili kwa pamoja kwenye waya usiomudu, wala kuanza mchomo jioni wakati kila nyumba inapika. Umeme ukikatika kwa muda mfupi katikati ya mchomo, joko lisifunguliwe. Ukirudi, mchomo uendelee, na koni ndizo ziamue mwisho wake, si saa. (Wakaazi wa Unguja walioishi bila umeme wa gridi tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa kwamba kuni bado zina heshima yake.)

Lipo jambo moja ambalo koni haziwezi kulieleza, nalo ni kupoa. Joko lenye kuta nyembamba hupoa upesi, na baadhi ya rangi hung'aa. Lenye kuta nene hupoa taratibu, na rangi zile zile zaweza kufifia. Joko jipya lenye kidhibiti laweza kuamriwa kushuka polepole ili lifanane na mwenzake. Lisilo na kidhibiti ni afadhali liachiwe mchomo wa kwanza, usio na rangi, na vyombo vyote vya kazi moja vipakwe na kuchomwa rangi katika joko lile jingine. Njia hii ni ya mkato, lakini huokoa kazi nyingi.

Kwa vyombo vya chakula, rangi yenye risasi isitumike kabisa. Isipoiva sawasawa, risasi hiyo hutoka na kuingia katika chakula.

Nyaya za moto zinapochakaa, ukinzani wake huongezeka na joko huchelewa kupanda. Fundi umeme azipime baada ya kukata umeme kwenye swichi kuu, na zibadilishwe zote kwa pamoja. Siku hiyo daftari la joko hilo huanza ukurasa mpya, kwa koni tatu kwenye kila rafu.