Namna Chungu Kinavyofinyangwa

Mkazi wa Kaloleni, Bahati, Makongeni au Jericho aujua vema udongo mweusi wa upande huu wa Nairobi. Wakati wa mvua huvimba na kunata miguuni; wakati wa jua husinyaa na kupasuka nyufa. Mtu ye yote aelewaye sababu ya nyufa hizo ameelewa nusu ya kazi ya mfinyanzi, kwa kuwa adui wa chungu ni huyo huyo: maji yatokayo kwa haraka.

KUTENGENEZA UDONGO

Udongo mweusi haufai kufinyangwa, maana husinyaa kupita kiasi. Mfinyanzi hutafuta udongo ulio bora kandokando ya mito na mabondeni. Huuondoa mizizi na mawe, huulowesha, kisha huukanda mpaka ulainike wote sawasawa. Halafu huuchanganya na mchanga, au na vigae vya vyungu vikuukuu vilivyotwangwa. Chembe hizo hazisinyai, nazo huyapa maji njia ya kutokea. Kwa hiyo hata chungu kilichovunjika kina kazi yake.

KUFINYANGA

Katika Kenya kazi hii kwa desturi ni ya wanawake, na hawatumii gurudumu. Mfinyanzi wa Kijaluo huanza na kitako, kisha hupandisha udongo ulioviringishwa kama kamba, duara juu ya duara, akiunganisha kwa vidole. Mfinyanzi wa Kikuyu, kwa desturi ya zamani, alianza na nusu ya juu, akaiacha ishike kidogo, akaipindua, ndipo akafunga kitako. Njia ni mbili, lakini sharti ni moja: unene uwe sawa kila mahali. Palipo pembamba hukauka mapema kuliko palipo panene, na hapo ndipo ufa huanza.

KUKAUSHA

Hapa ndipo subira ya fundi hujaribiwa. Yafaa vyungu vikae kivulini siku nyingi, mbali na upepo mkali. Mwenye kungojea fedha za sokoni hutamani kuvianika juani; lakini maji yaliyobaki ndani yakikutana na moto hugeuka mvuke, na mvuke usiopata njia hukipasua chungu kwa kishindo. Kazi ya siku nyingi hupotea kwa dakika moja.

KUCHOMA

Vyungu hupangwa pamoja, vikafunikwa kwa kuni na majani makavu. Moto huanza polepole, kisha huongezwa. Joto lipitapo digrii 600 hivi za Sentigredi, udongo hubadilika tabia yake, wala hauwezi tena kuwa matope.

MAARIFA KWA MNUNUZI

Ununuapo chungu Gikomba au soko lo lote, kiinue na ukigonge kwa kidole. Kikitoa mlio wazi, ni kizima. Kikitoa mlio mzito, huenda kina ufa usioonekana. Mtungi wa maji usiupake rangi: maji kidogo hupenya ubavuni na kukaukia nje, na huko kukauka ndiko kunakoyapoza yaliyo ndani.

Maarifa haya yahusu jiko pia. Tangu miaka ya 1980 watu wengi wa mjini wametumia jiko la makaa lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani. Mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji hujulikana kwa kazi ya bati. Lakini udongo ndio unaozuia joto lisipotee, na kwa hiyo makaa hutumika kidogo. Basi jiko jipya liwashiwe moto mdogo kwanza, wala makaa yasizimwe kwa kumwagiwa maji jikoni, maana udongo wa moto ukipozwa ghafula hupasuka. Mwenye haraka ya kuokoa makaa machache atalazimika kununua jiko jingine.