KUENDESHA BAISIKELI KATIKA NCHI YA JANGWA

Msafiri atokaye Marsabit kwenda Ziwa Turkana kwa baisikeli hutelemka kutoka mji ulio juu ya mita 1,300, penye msitu na ukungu, mpaka Jangwa la Chalbi, lisilofika mita 400 juu ya usawa wa bahari. Mtelemko huo humdanganya. Asubuhi hujiona hana kiu. Adhuhuri yumo ndani ya tanuru. Mwanafunzi atakayebahatika kwenda huko likizo, pamoja na kundi lenye kiongozi na gari la mizigo, yampasa ajue mambo machache.

Kwanza maji, nayo nitayaeleza kwa urefu kwa kuwa hapo ndipo watu hufa. Mtu akanyagaye baisikeli juani aweza kutoka jasho lita moja au zaidi kwa saa. Hewa kavu ya jangwani hulikausha upesi, hata shati halilowi, naye hudhani hajatoka jasho. Basi asingoje kiu. Anywe kidogo kidogo, kila robo saa. Lakini maji matupu mengi mno nayo yana hatari, maana jasho limekwisha kuchukua chumvi ya mwili, na maji huzimua ile iliyobaki. Kinywaji kile wapewacho wenye kuhara chafaa hapa pia: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa. Na mkojo ukiwa wa rangi ya chai, ujue umechelewa kunywa.

Mwenzako akianza kuyumba, au kusema maneno yasiyo na maana, usimwambie ajikaze. (Wanamichezo wetu hupenda sana neno hilo.) Mwili wake umeshindwa kujipoza, na dakika chache zaweza kumwua. Mwiteni kiongozi, mlazeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma, huku gari likitayarishwa kumpeleka hospitali. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Kwa sababu hiyo watu huondoka alfajiri na kupumzika tangu saa tano mpaka saa tisa u nusu. Tatizo ni upepo. Pande za Turkana upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu zaidi usiku na asubuhi, yaani saa zile zile za baridi. Kutoka Marsabit kwenda North Horr huwasukuma mgongoni. Mkigeuka kwenda Loiyangalani huwapiga ubavuni na usoni. Hapo hapana budi kufuatana kwa karibu, wenye nguvu wakipokezana mbele, na mwendo uwe wa yule aliye mnyonge kuliko wote. Mtu mmoja mzoefu akae nyuma kabisa, asipitwe na mtu yeyote.

Miba ya migunga hutoboa mipira kila siku, basi kila mtu awe na pampu, viraka, gundi na mpira wa akiba. Penye mchanga punguza upepo wa tairi kidogo. Penye mawe ya volkeno uurudishe.

Chalbi yenyewe ilikuwa ziwa zamani, na uso wake mweupe wa chumvi waonekana mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, hasa Aprili na Novemba, chini yake huwa tope litakalomeza magurudumu. Mpite alipopita kiongozi tu, wala msifuate maji muyaonayo mbali. Hayo ni mazigazi.

Maji ya kweli yako visimani Maikona na Kalacha. Ni maji ya Wagabra na ngamia wao, ambao huenda wametembea siku kadhaa kuyafikia. Kiongozi aombe kwanza kwa wazee, mngoje zamu yenu baada ya mifugo, na nguo zenye sabuni zifuliwe mbali na kisima.